Diski Inayoingia Kila Mahali

Watu wanaomwita Nyuki hawajawahi kumwona. Wanaijua sauti yake, iliyo na mkwaruzo kidogo kama ya mtu aliyetoka usingizini, na wanajua namna anavyocheza: hujibanza nyuma ya ukuta, asifyatue hata risasi moja, akangoja mpaka adui ajisahau. Wasichokijua ni kwamba anapongoja hivyo, sikio lake moja halimo vitani. Hedfoni zake huzivaa upande. Sikio la kushoto hulifunika. La kulia huliacha wazi, limeelekea mlango wa chumba cha mama yake.

Nasi tumwite Nyuki, kwa kuwa nyumbani jina alilopewa alipozaliwa limeanza kufifia. Ndugu zake wakizungumza habari zake kwenye simu husema tu "yule aliye na mama", na kila mtu hujua ni nani.

Kompyuta iko sebuleni, mwishoni mwa meza ya chakula ambapo siku hizi hapakai mtu kula. Aliiweka upande huo kwa makusudi. Akiketi mbele ya kioo, anaweza kuinua macho akauona mlango wa chumba ukiwa nusu wazi, na mwisho wa kitanda, na mguu mmoja wa mama yake chini ya shuka. Mguu ukisogea, anauona. Usiposogea kwa muda mrefu, anauona vilevile.

Mama alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Kwa maisha yake yote ya kazi aliwaita watoto wa watu kwenye chakula kwa kugonga mfuniko wa sufuria kwa upawa, na inasemekana hata walimu waliacha sentensi katikati wakimsikia. Kiharusi kilipokuja kilichukua upande wake wa kulia, kisha kikachukua maneno. Kilichobaki ni mkono wa kushoto na ile tabia ya kugonga. Nyuki alimfungia kikombe cha bati kwenye ubavu wa kitanda, akampa kijiko. Baada ya muda wakawa na lugha yao. Pigo moja ni maji. Mapigo ya harakaharaka ni nigeuze, ubavu unaniuma. Na kijiko kikiburuzwa taratibu kwenye mdomo wa kikombe, maana yake ni njoo tu, njoo ukae.

Siku ile ndugu walipokutana kuamua nani akae na mama, kila mmoja alikuja na sababu zake akaziweka mezani kama sahani. Dada wa kati alikuwa na mume na watoto. Mdogo wao wa mwisho, waliyemwita Kitinda, alikuwa ameshapata kazi ng'ambo na tiketi mkononi. Kaka mkubwa alikuwa na ghala la mwajiri wake la kusimamia. Nyuki alikuwa karani katika ofisi ya kusafirisha mizigo, mpangaji wa chumba kimoja, hana mume wala mtoto. Alipofumbua kinywa kusema kwamba naye ana kazi, aliona macho yote yameshamgeukia, na ndani ya macho hayo jambo limeshakwisha.

"Mdogo wangu," kaka mkubwa alimwambia kwa upole, "wewe ndiye huna kinachokubana. Wewe popote unaingia."

Alilisema kama sifa. Akaongeza kwamba ni kwa muda tu. Ule muda ukakua, ukaota meno, ukawa mtu mzima mle ndani ya nyumba.

Kitinda alipoondoka aliiacha kompyuta yake ya gemu, aliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande, akamwomba dada yake awe anaiwasha mara mojamoja isiliwe na vumbi. Mwanzoni Nyuki aliiwasha kwa ajili ya sauti yake tu, ile feni ikivuma, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Halafu akabonyeza gemu mojawapo kujua ni nini. Akauawa. Akabonyeza tena. Kabla mwaka haujageuka alikuwa kwenye timu ya watu watano waliotawanyika asikokujua, akiwa na jina jipya na kazi ya kulinda mlango.

Kiongozi wa timu walimwita Babu, kijana ambaye sauti yake ilikuwa ndiyo kwanza inavunjika, ila alilalamika kama mzee mwenye baridi yabisi. Mwingine aliitwa Mama Mkwe, mwanamume mwenye sauti nzito, kwa vile hapakuwa na kosa lililompita. Wawili waliobaki hawakuwa wasemaji. Kazi yao ilikuwa kucheka. Kwa saa hizo za alasiri walizocheza pamoja Nyuki hakuwa yule aliye na mama. Alitukanwa kama watu wengine, akasifiwa kama watu wengine, na hakuna aliyemwonea huruma.

Tatizo lilianza gemu lilipotolewa toleo jipya. Lilikuwa limenenepa. Diski ya Kitinda ilikuwa ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, na sasa ilipotakiwa kufungua uwanja mpya ilinguruma na kukwaruza kama mtu anayetafuta funguo kwenye begi kubwa. Wenzake walikuwa wameshafika uwanjani, wameshachagua silaha, wameshataniana wakachoka, na mstari mweupe kwenye kioo cha Nyuki bado unatambaa. Yeye hakuwa mbele ya kioo wakati huo. Alikuwa chumbani, anamgeuza mama, anampa maji, anakung'uta mto, kisha anarudi mbio na kukuta mstari ndio unafika.

"Nyuki," Mama Mkwe alimuuliza siku moja, "hiyo kompyuta yako inatumia mkaa?"

"Inatumia. Shangazi yako ndiye anapuliza."

Wakacheka, naye akacheka. Lakini Babu hakucheka. Wengine walipoondoka alimwomba abaki, akamweleza bila kuzunguka. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya kweli, yale waliyoyangoja mwaka mzima. Timu ambayo mchezaji wake hajafika uwanjani kengele ikilia ingeanza pungufu. Alikuwepo mchezaji wa akiba, mashine yake nyepesi, yuko tayari hata kesho.

"Dada Nyuki, sisi tunakupenda," alisema. "Lakini tumechoka kukungoja."

Alikaa na neno lile kifuani siku nzima. Alipika uji, akafua mashuka, akamkata mama kucha, neno likiwa palepale kama mwiba uliokatikia ndani. Akitolewa kwenye timu hatakuwa amefukuzwa mahali popote ambapo watu wangepaita mahali. Hakuna atakayempa pole. Itabaki tu sebule, na mlango nusu wazi.

Akampigia fundi wa kompyuta, mwenye duka katikati ya mji, ambaye namba yake aliachiwa na Kitinda. Fundi alimwambia dawa ni moja, aweke diski ya SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka, alete mashine. Nyuki akasema hawezi kutoka. Basi atume mtu. Hana mtu. Nyuma ya fundi Nyuki akasikia kelele za barabara, honi na watu, akazisikiliza kwa uchu.

"Haya," fundi akasema. "Chukua bisibisi. Fungua ubavu wake, uniambie unachokiona."

Akalala chali chini ya meza, simu shingoni, tochi mkononi, vumbi likimwingia puani. Fundi alimsikia akipiga chafya akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyuki akamjibu kwamba yeye ameshapita kuinama, amelala kabisa. Fundi alimwelekeza atafute kwenye mazabodi, ile bodi kubwa iliyobeba kila kitu, kitundu chembamba kilicholala chini ya kadi ya picha. Akakiona: kimefumba kama mdomo wa mtu aliyenuna, na mbele yake tundu dogo la skrubu.

Hapo fundi akamweleza jambo ambalo, alisema, huwapoteza watu wengi. Diski za kuingia kwenye kitundu kama kile ni vijiti vyembamba, na ziko namna mbili zinazofanana kama mapacha. Moja huzungumza lugha ya diski za zamani, SATA. Nyingine huzungumza lugha mpya yenye kasi, NVMe. Vipo vitundu vinavyozisikia zote mbili, na vipo vinavyosikia moja tu. Kitundu huwezi kukijua kwa kukitazama. Asome jina la mazabodi, atafute kitabu chake mtandaoni, aone kinasemaje.

Nyuki akasoma jina lililochapwa kwa herufi ndogo kama sisimizi. Alasiri ile hakucheza. Alikisoma kitabu cha mazabodi kama watu wanavyosoma barua ya mtu aliye mbali. Akapata mstari anaoutaka: kitundu chake kinapokea NVMe peke yake. Akapata urefu wa kijiti unaolingana na tundu la skrubu. Akagundua kwamba zile za kasi kubwa kabisa zingekuwa kazi bure, kwani mazabodi yenyewe ni ya kizazi cha nyuma na isingeweza kukimbia nazo. Mtu hamvishi kobe viatu vya mbio. Akapima ukubwa, akalinganisha hii na ile, akarudi kwa ya kwanza. Ilikuwa muda mrefu tangu achague kitu. Siku zake zilikuwa za uji mzito au mwepesi, dirisha wazi au limefungwa, na hata hayo aliyeamua alikuwa kijiko.

Fundi alimpa na alama ya macho. Zile za lugha ya zamani, aghalabu, meno yake ya shaba yana mapengo mawili. Za NVMe zina pengo moja. Nyuki akapiga picha ya diski aliyoitaka, akamwandikia kaka mkubwa jina lake kamili na jina la duka la fundi, akamaliza: pengo moja, kaka, siyo mawili.

Kaka mkubwa huja kila Alhamisi akitoka kazini. Huleta matunda. Husimama kwenye kizingiti cha chumba, akamsalimu mama kwa sauti ya juu kana kwamba ni kiziwi, akamwambia anaonekana vizuri sana leo, akarudi sebuleni kusimulia adha za ghala. Safari hii alileta na kiboksi kidogo, akakiweka mezani kwa furaha ya mtu aliyetumwa akatumika. Hakufika kwa fundi, alisema, huko ni mbali na njia yake. Amepata kibanda jirani na kazini. Na muuzaji amempa kitu bora zaidi, siyo hizo za kuchaguachagua.

"Kanihakikishia kabisa," akasema. "Hii inaingia kila mahali."

Nyuki akaifungua. Ilikuwa na mapengo mawili.

Alisema hivyo, kwa sauti ndogo. Kaka akamwambia ajaribu kwanza, yeye naye na mambo yake ya kupimapima. Basi akalala tena chini ya meza. Na kweli iliingia. Iliingia vizuri ajabu, bila kusukumwa, ikalala palepale, skrubu ikakaa kwenye tundu lake kana kwamba vilizaliwa pamoja. Akawasha mashine. Akaitafuta. Haikuwepo. Akazima, akaichomoa, akaipuliza, akairudisha, akawasha. Mashine ilihesabu kila kilichochomekwa kwake, hata kipanya na kibodi, na diski ile haikuitaja.

Akampigia fundi. Fundi aliuliza swali moja tu.

"Imeingia lakini haionekani?"

"Imeingia."

"Basi ni ile nyingine, dada. Usijisumbue. Hapo itakaa mpaka kiama."

Nyuki alibaki chini ya meza muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Aliimulika kwa tochi. Haikuwa na kosa lolote. Imekaa sawa, imekazwa, iko mahali ambapo diski hukaa. Ila hakuna anayejua kwamba ipo. Juu yake aliona viatu vya kaka yake vikibadilishana uzito, kama miguu ya mtu anayetaka kuaga.

Akatoka. Vumbi lilikuwa nyweleni.

"Kaka, kesho nitakwenda mjini mwenyewe. Utakuja kukaa na mama."

Kaka akacheka kidogo, akiamini ni utani. "Mimi? Kesho si siku ya kazi?"

"Omba ruhusa."

"Kwa ajili ya gemu? Mdogo wangu, mambo ya watoto hayo."

"Kwa ajili yangu," Nyuki akasema. "Uliniambia popote naingia. Leo umeninunulia na diski ya namna hiyohiyo. Haya, imeingia. Inama uione kama inafanya kazi."

Huenda hakuelewa habari ya diski. Lakini alikuwa hajawahi kusikia sauti ile, wala hakujua kwamba dada yake anayo. Alitazama meza, akatazama chini yake, mtu mzima mwenye funguo nyingi kiunoni, akasema basi, atakuja saa sita.

Alikuja. Nyuki alimfundisha lugha ya kijiko, akamwonyesha mto unakowekwa mtu akilala ubavu, akamwonyesha namna ya kuinua kichwa kabla ya kutia maji kinywani. Kaka aliitikia kila kitu upesi, kama mtu anayeelekezwa njia anayodhani anaijua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nje jua lilimpiga usoni akasimama kwanza. Miguu ilikuwa imesahau mwendo mrefu. Ilitaka kugeuka kila baada ya hatua chache, kama inavyogeuka kwenye kona ya kochi. Alitembea haraka, kiboksi chenye diski ya mapengo mawili kikiwa mkobani, akipita maduka yaliyobadilishwa rangi na moja lililohama kabisa. Simu ikalia. Kaka aliuliza mapigo ya harakaharaka yalikuwa ni nini vile. Akamwambia. Hajafika mbali ikalia tena: mama ameufumba mdomo, hataki maji, anaangalia ukuta. Akamwambia amngoje, asimlazimishe.

Fundi alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa nyuma ya kaunta ya kioo, miwani imepanda kwenye paji la uso, anaikwangua bodi ya mtu kwa mswaki.

"Kumbe wewe ndiye yule wa chini ya meza," alisema, akafuta mikono.

Akachukua ile diski ya kaka, akasema haina ubaya, kuna kompyuta za mkononi zinazoililia, atabadilishana naye. Kisha akaitoa ya kwake, akaigeuza chini ya taa ili Nyuki aone pengo moja, akamsomea maandishi ya mgongoni neno kwa neno, kama mtu anayesoma majina ya bwana na bibi harusi asije akawaozesha wasio wenyewe. Alimkumbusha aiingize kwa mshazari, asiikandamize, mwisho ndipo ailaze na kuikaza. Akamuuliza kama atapenda siku moja alete mashine wapige gumzo juu yake. Nyuki akasema siku moja, ndiyo. Wote wawili wakalisikia neno hilo likidondoka.

Kwenye njia panda alisimama. Kulia ni nyumbani. Kushoto, mbele kidogo tu, ilikuwa ofisi ya kusafirisha mizigo. Aliliona dirisha lililokuwa lake. Ndani yake palikuwa na kichwa cha mtu, kimeinama, kikainuka kucheka na mtu asiyeonekana, kikainama tena. Watu walimpita Nyuki huku na huku. Angeweza kwenda kushoto. Angeweza kwenda moja kwa moja mpaka barabara iishe. Hakuna aliyemshika mkono, na hilo ndilo lililomtia hofu, kwa sababu alipojaribu kuinua mguu alijikuta amegeuza kichwa na kutega sikio la kulia. Katikati ya honi na miziki ya madukani na watu wanaoitana, lilikuwa linatafuta kijiko.

Akashika njia ya kulia.

Alimkuta kaka mkubwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ya shati imekunjwa, kifua kimelowa maji, matone ya uji kwenye suruali ya kazi. Mama alikuwa amelalia ubavu usiofaa na amefumba macho kwa hasira. Nyuki aliweka mkoba chini, akamgeuza, akachomeka mto. Kaka alimtazama mpaka mwisho.

"Kumbe anagonga hivi kutwa nzima?" akauliza.

"Kutwa nzima."

Akatikisa kichwa polepole. Alisema atakuwa anakuja kukaa na mama. Hakusema lini, na Nyuki hakumuuliza, asije akaliua neno lenyewe.

Diski mpya iliingia kwa mshazari, ikalala, ikakazwa. Safari hii mashine ilipohesabu vyake ilimtaja mgeni kwa jina lake lote. Fundi alimwongoza kwa simu akahamisha kila kitu kutoka diski ya zamani, kisha akaichomoa ile ya sahani. Akafungua gemu kujaribu. Mstari mweupe ulitokea ukatoweka kabla hajainuka kitini, na uwanja ukawa mbele yake, mpana, umejaa mwanga. Akacheka peke yake kwa sauti.

Kisha kijiko kikagonga, harakaharaka, naye akiwa tayari yuko vitani.

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Ule uzito wa diski, walioulaani wote, ndio uliokuwa ukimpa nafasi. Katika ufa ule, mstari ukitambaa, alimgeuza mama, akamnywesha, akakaa naye kidogo. Na alikuwa ameuziba kwa mkono wake mwenyewe, kwa bisibisi.

Jumamosi alasiri walikutana wote watano. Nyuki alimgeuza mama mapema, akamlisha mapema, akamwekea maji karibu, akajua ni kazi bure: ubavu haujui ratiba. Raundi ya kwanza alifika uwanjani kabla ya Babu. Mama Mkwe akasema mkaa umeisha, sasa ni umeme. Wakashinda. Raundi ya pili ikafunguka papo hapo, bila hata ya mtu kupiga mwayo, na Nyuki akajibanza nyuma ya ukuta wake kulinda mlango.

Kijiko kikagonga.

Alibaki ameshika kipanya. Alijiambia ni kidogo tu, adui yuko karibu, akipita hapa ndipo atakapompata. Kijiko kikagonga tena, kwa kasi zaidi, kama zamani upawa ukiita watoto wasiosikia. Mguu chini ya shuka ulijaribu kujivuta. Kisha mapigo yakakoma, na ukaja ule mburuzo wa taratibu kwenye mdomo wa kikombe.

"Natoka kidogo," Nyuki akasema.

"Unatoka unakwenda wapi?" Babu akauliza. "Tuko katikati ya mchezo, dada. Si ulisema kompyuta imepona?"

"Kompyuta imepona. Mama yangu hajapona."

Akaendelea upesi, kwa kuwa akisita asingesema tena. "Yuko chumba cha pili. Hawezi kujigeuza. Nilikuwa namgeuza mkiingoja kompyuta ifunguke. Sasa inafunguka upesi."

Kimya kilichofuata kilikuwa na watu wanne ndani yake, kila mmoja nyumbani kwake.

"Nenda," akasema Mama Mkwe.

Akaziacha hedfoni mezani. Chumbani alikunja goti la mama, akashika bega, akamvuta kwake, akamlaza ubavu wa pili, akachomeka mto mgongoni. Alimpa maji. Alipotaka kuinuka, mkono mzima wa mama ulimkamata kifundo cha mkono, ule mkono ulioinua masufuria ya shule nzima, ukamshikilia. Nyuki hakujinasua. Aliketi ukingoni. Kutoka sebuleni alisikia sauti za wenzake ndani ya hedfoni, ndogo, kama wadudu waliofungiwa kwenye kopo, na hakuweza kujua wanasema nini. Akangoja mpaka vidole vikalegea vyenyewe.

Aliporudi, saa ya mchezo kwenye kona ya kioo ilikuwa karibu kwisha. Mtu wake alikuwa palepale alipomwacha, amechutama nyuma ya ukuta. Wale wanne walikuwa wamemzunguka, wamempa mgongo, nyuso zao zimeelekea nje. Hakuna aliyekwenda kupigania bendera ya ushindi. Adui alikuwa ameshaichukua bila jasho.

"Umerudi?" Babu akauliza.

"Nimerudi."

"Haya. Hii wametufunga. Bado ya tatu." Akakohoa kama mzee. "Yule wa akiba nimemwambia akapumzike."

"Na mgonjwa amekunywa maji?" akauliza Mama Mkwe.

"Amekunywa."

"Basi kaa vizuri kwenye kiti, nawe. Unatutia wasiwasi."

Nyuki akavaa hedfoni zake kama siku zote, sikio la kushoto limefunikwa, la kulia wazi. Mlango ulikuwa nusu wazi, na mguu ulikuwa chini ya shuka. Chini ya meza diski mpya ilifanya kazi bila kutoa sauti yoyote. Ile ya zamani ilikuwa ikinguruma na kufunika mambo mengi. Sasa nyumba ilikuwa kimya kuliko ilivyopata kuwa, na kijiko, kikigonga, kingesikika vizuri zaidi.